Mapato ya Sudan Kusini wakati wa vita: usianzie Juba, anzia bandarini

Mkuu, umeuliza mtu anawezaje kukadiria mapato ya serikali ya Sudan Kusini katika miaka ya vita, wakati takwimu rasmi ni za kubahatisha na kila msemaji ana zake. Nilifanya kazi hiyo Juba mwaka 2015 na 2016, kwa shirika ambalo sitalitaja, na makadirio yangu ya kwanza yalikuwa kichekesho.

Nilianza kama wengi wanavyoanza: mapipa mara bei. Kabla ya Januari 2012, Juba ilipofunga visima kwa ugomvi na Khartoum, yaani serikali ya Sudan, juu ya ada za bomba linalopitisha mafuta kwake hadi baharini, nchi ilikuwa ikitoa mapipa kama 350,000 kwa siku. Vita vilipozuka Desemba 2013 visima vya jimbo la Unity vikazimwa, vikabaki vya jimbo la Upper Nile, mapipa 160,000 hivi. Kwa mwaka hayo ni mapipa milioni 58.4. Nikaweka Brent, yale mafuta ambayo bei yake ndiyo kipimo cha soko la dunia, dola 50 kwa pipa, nikapata karibu dola bilioni 2.9, nikaandika ripoti. Mzee mmoja aliyezeekea kwenye hesabu za serikali akaisoma, akanitazama juu ya miwani: "Kijana, hizi hela ziko wapi tukazichukue?" Wakati huo mishahara ya watumishi ilikuwa inachelewa kwa miezi.

Mzee ndiye aliyenifundisha kulifuata pipa lenyewe, kutoka kisimani mpaka kwenye meli pale Port Sudan, na kuandika kila anayelimega njiani.

Wa kwanza ni kampuni. Mikataba ni ya kugawana uzalishaji: kampuni huchukua kwanza mafuta ya kufidia gharama zake, kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Kule Upper Nile wenye hisa kubwa walikuwa CNPC ya China na Petronas ya Malaysia, na Nilepet ya serikali ilikuwa na kipande kidogo. Kwa mfano huu chukua kwamba serikali inapata nusu. Hiyo nusu ni ya kurahisisha hesabu tu, usiinukuu popote. Tumebaki na mapipa milioni 29.2.

Halafu bei. Mafuta ya Upper Nile, yanayoitwa Dar Blend, ni mazito, yana asidi na nta nyingi, na si kila kiwanda kinayataka. Huuzwa chini ya Brent. Toa dola 8 kwa mfano. Badala ya 50 una 42.

Sasa bomba, na hapa ndipo mkasa wenyewe ulipo. Kwa makubaliano ya Addis Ababa ya Septemba 2012, pipa la Upper Nile lilidaiwa dola 9.10 za kuchakatwa, kusafirishwa na kupita Sudan. Juu yake zikawekwa dola 15 za kuipoza Khartoum kwa mapato iliyoyapoteza nchi zilipotengana, mpaka itimie jumla ya dola bilioni 3.028. Ukijumlisha ni dola 24.10 kwa kila pipa, na hazikufungwa na bei ya soko. Walipotia saini, mafuta yalikuwa zaidi ya dola 100, kwa hiyo hakuna aliyeumia sana. Angalia lakini kinachotokea bei ikishuka. Brent ikiwa 100, kwa punguzo lile lile la dola 8, pipa linaiachia serikali dola 67.90. Ikiwa 50, linaacha 17.90. Bei imepungua nusu, mapato yamebaki karibu robo. Januari 2016 Brent ilipoteremka chini ya dola 30, ukipiga hesabu hiyo unapata namba hasi, yaani kila pipa linaondoka na deni. Mwezi uliofuata Khartoum ikakubali kulegeza ada ziendane na bei.

Kwa hiyo ile bilioni 2.9 yangu, mapipa milioni 29.2 mara dola 17.90, imekuwa kama dola milioni 520. Na bado sheria ya mapato ya petroli ya 2013 inataka asilimia 2 iende kwa majimbo yanayotoa mafuta na asilimia 3 kwa jamii za huko. Kama zilifika ni mada nyingine kabisa.

Kuna mtego nilioukanyaga hata baada ya somo la mzee: mauzo ya kutanguliza. Serikali iliyobanwa na vita huchukua fedha leo kwa mfanyabiashara wa mafuta, italipa kwa shehena za miezi ijayo. Mimi nilihesabu fedha zilipoingia kuwa ni mapato, kisha shehena ilipoondoka nikaihesabu tena. Mafuta yale yale, mara mbili. Siku hizi natenga safu mbili: shehena zilizopakiwa, na shehena ambazo zimekwisha kuliwa kabla hazijapakiwa. Meli unaweza kuzihesabu, kwa sababu mwendo wake huonekana. Kazi ngumu ni kujua shehena ni ya nani, ya serikali au ya kampuni.

Kuhusu pauni, tafadhali fanya kila kitu kwa dola kwanza. Kiwango rasmi kilikuwa karibu pauni 3 kwa dola, na mtaani pauni ilikuwa imeporomoka mbali na hapo. Katikati ya Desemba 2015 serikali ikaiachia pauni, ikafika karibu 18.5. Mimi nilikuwa na jedwali la pauni. Mapato yakaruka mara sita kwa mwezi mmoja, mchoro ukapanda kama mnazi, na bosi wangu akataka tuuweke ukurasa wa kwanza. Dola zilikuwa zile zile, kama hazikupungua.

Ukishapata namba yako, ipime kwa upande wa pili. Mafuta yalikuwa karibu mapato yote ya serikali, kwa hiyo yakikauka lazima uone dalili: mishahara inasimama, au benki kuu inachapisha noti. Mwaka 2016 mfumuko wa bei ulipita asilimia 800. Mtu akikuambia mapato ya mwaka huo yalikuwa mazuri, muulize noti zile zilichapishwa za nini.

Na kama unachotaka ni miaka ya karibuni, vita vya kutazama ni vya jirani, vilivyoanza Khartoum Aprili 2023. Februari 2024 bomba la Dar Blend lilipasuka ndani ya Sudan, kwenye eneo la mapigano. Mafuta yenye nta yakipoa bombani huganda, hayangoji fundi. Shehena hizo hazikurudi mpaka 2025. Nile Blend, yaani mafuta ya upande wa Unity yanayopita bomba jingine, yaliendelea kutoka, basi usiweke sifuri kwa nchi nzima. Tenga mabomba mawili, kila moja na mapipa yake, bei yake na ada zake.