Saturnz Return iligawa watu kwa urefu, siyo kwa kukosa ngoma

Hapana mkuu, unasema Goldie, prodyuza wa Uingereza, aliacha drum and bass (muziki wa kielektroniki wa ngoma za kasi na besi nzito) kwenye albamu yake Saturnz Return, lakini hakuiacha. Ngoma zimo tele kwenye Saturnz Return ya 1998. Kilichowagawa wasikilizaji zaidi ni wimbo wa kwanza, Mother, unaohusu mama yake: unachukua kama saa nzima, na sehemu kubwa ni ala za nyuzi zinazopanda taratibu. Waliokuja wakitaka mdundo wa haraka walichoka njiani. Ila hata albamu yake Timeless ya 1995, ambayo wengi wanaisifu, inaanza na wimbo wa dakika 21, kwa hiyo mambo marefu alikuwa nayo tangu mwanzo.

Saturnz Return ina CD mbili, na ninazo zote. Ile ya pili ndiyo yenye kasi na ukali, na humo yumo rapa KRS-One kwenye wimbo wa Digital. Washkaji wangu wa hip hop hapa Arusha huwa nawaanzishia hapo, wanaelewa fasta. Mimi naitetea hii albamu kabisa.

Usiihukumu tu kwa spika ya simu. Besi yote inapotea, unabaki na matoazi yanachakacha.