Jaji wa kwanza mwanamke Tanzania
Umeuliza kama Jaji Eusebia Munuo ndiye mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini Tanzania. Yeye alikuwa wa kwanza katika Mahakama ya Rufani. Aliyetangulia Mahakama Kuu ni Julie Manning, aliyesoma sheria Dar es Salaam, akateuliwa kuwa jaji mwaka 1973 chini ya Rais Nyerere. Hakukaa sana mahakamani, kwa kuwa mwaka 1975 alikabidhiwa Wizara ya Sheria, akawa, pamoja na Tabitha Siwale, miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri. Inasikitisha mno kwamba wanafunzi wengi wa sheria hawalijui jina lake.