Jibu: Tope la Safari kwenye modeli ya Datsun 240Z

Mkuu, umeuliza upake rangi gani ili modeli yako ya gari la Datsun 240Z ya kipimo cha 1:24 (ndogo mara 24 kuliko gari halisi) ionekane imetoka kwenye tope la mbio za magari za Safari Rally. Mimi situmii rangi, natumia udongo mwekundu wenyewe. Uanike ukauke kabisa, uutwange, kisha uuchekeche kwa kitambaa chepesi. Hapo usifanye haraka: chembe ya nusu milimita kwenye modeli hiyo ni sawa na kokoto ya milimita 12 kwenye gari halisi, na jicho linaiona mara moja. Changanya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo, upake kwa brashi kuukuu ndani ya madigadi na chini ya milango. Kioo cha mbele acha pale waipa zinapofuta.

Kabla ya tope, piga vanishi juu ya ile rangi nyekundu, na boneti iwe nyeusi isiyong'aa. Ndivyo lilivyokuwa gari la dereva Edgar Herrmann lililoshinda Safari Rally mwaka 1971. Shekhar Mehta naye alishinda na 240Z mwaka 1973. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja chini ya ile boneti ndefu! Kwangu mimi halijatengenezwa gari zuri zaidi. Ukimaliza tuwekee picha.