Wakwe wanakuja Jumamosi: Java au nyama choma?

Dadangu, umesema wakwe zako wanakuja kutoka Kitui na hujui kama uwapeleke Java, ile mikahawa ya kahawa na chakula yenye matawi mengi, au kwenye nyama choma. Mimi ningewapeleka Kenyatta Market, lile soko la Nairobi lenye nyama choma na wasusi. Pale unachagua nyama ingali mbichi, mnaelewana bei ya kilo kabla haijaenda motoni, kisha inaletwa kwenye ubao na kukatwakatwa mbele yenu, chumvi pembeni, ugali na kachumbari juu ya meza. Mzee atakula huku akipiga gumzo. Fikeni mapema, maana mchana kuna kungoja kwelikweli. Na wasusi wa nywele watakuitaita ukipita, wazoee tu.

Kama mama mkwe anasumbuliwa na magoti, au mvua imeamua kunyesha, nendeni Java bila kujilaumu: mtakaa kwa utulivu, na bei iko kwenye menyu. Ila usidhani mikahawa yenye matawi mengi haikosi kitu. Januari 2022 KFC hapa Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vya kutoka nje vilichelewa melini, huku vibanda vya mtaani vikiendelea kukaanga kama kawaida.