Bumu ni tamu, subiri makato

Wadau habari za wikiendi. Leo sikupanga kuandika chochote ila juzi kuna dogo kanitumia meseji, tangu hapo sina raha. "Kaka shikamoo, nimechaguliwa BA Historia, mkopo nimepata ila sio wote, mzee anasema niachane nayo nikasome diploma ya famasi, eti historia itanilisha nini? Nifanyeje?"

Dogo, umempata mwenyewe. Hilo swali la "itakulisha nini" mimi niliulizwa na baba mdogo mwaka 2012 mbele ya watu, kwenye sherehe yangu ya kumaliza form six, huku kashika soda niliyoinunua mimi. Sijasahau. Namwombea uzima tu.

Halafu angalia mambo yalivyokutana, mwezi uliopita ndo nimemaliza deni la Bodi ya Mikopo. Nimemaliza lote, salio sifuri, nimepewa na cheti. Kwahiyo nina haki ya kuongea kidogo leo, mnivumilie.

Wakati wetu hela ya kula na kulala ilikuwa 7,500 kwa siku (siku hizi mnapata 10,000, hongereni), inakuja kwa mkupuo, ndo tunaiita bumu, na bumu likitoka chuo kizima kinanuka chipsi kuku. Bumu langu la kwanza lilinunua simu ya kupangusa, raba mbili na subufa. Subufa iliungua mwaka wa pili, hela yake nimeilipa mpaka juzi. Sio kwamba nilikuwa mjinga, ila hakuna aliyenikalisha chini akaniambia ile fomu niliyosaini ni deni, sisi tuliita hela ya serikali, na hela ya serikali tangu lini ikadaiwa?

Miaka mitatu naipita haraka, ilikuwa raha na GPA ilikuwa 4.1, hiyo naomba ieleweke. Nikatoka 2015 nadaiwa milioni 8 na laki mbili, ukijumlisha ada waliyonilipia, kula, vitabu na field. Nikasota mtaani karibu mwaka mzima. Nasubiri ajira za serikali, mwezi wa sita 2016 serikali ikasimamisha ajira ipishe uhakiki wa watumishi hewa, basi nikaingia shirika moja dogo kwa mshahara wa 450,000. Nikapiga na picha na kitambulisho cha kazi nikamtumia baba mdogo.

Sasa hapa ndo nataka usome taratibu. Makato ya Bodi yalikuwa asilimia 8 ya mshahara, kwangu mimi 36,000 kwa mwezi. Wakati huohuo kulikuwa na tozo ya kutunza thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, piga hesabu kwenye milioni 8.2 unapata 492,000, yani 41,000 kila mwezi. Nalipa 36, deni linaongezeka 41! Nilikuwa kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi kwa kijiko. Na sikujua, sikuwahi hata kuomba taarifa ya deni, nikiona kwenye slipu wamekata najua mambo yanaenda.

2017 makato yakapanda kuwa asilimia 15. Mshahara uleule 450,000, toa 67,500 ya Bodi, toa 45,000 ya NSSF, toa kodi, nabaki na laki tatu na elfu kumi na kidogo. Chumba Mbagala, nauli, na mama kijijini anaamini mwanae ana digrii anafanya kazi Dar. Hapo ndo nilianza kumwelewa baba mdogo, ingawa sikumwambia na sitamwambia.

Kilichoniuma kuliko vyote ni lile shirika. Miezi 11 walinikata 67,500 na Bodi haikufika hata mia. 742,500 zangu hizo. Nilikuja kugundua baada ya kuondoka, mhasibu hapokei simu, bosi anasema "tunashughulikia", mpaka leo wanashughulikia. Kwahiyo dogo, ukianza kazi usiamini slipu, kila baada ya miezi mitatu chukua taarifa yako Bodi kwenyewe uone kilichoingia.

Nilitokaje? Kwa Historia hiyohiyo. Watu wa utafiti walitaka mtu wa kutafsiri madodoso, kukaa na wazee kijijini asikilize bila kuwakatisha, halafu aandike ripoti ya kurasa 40 inayosomeka. Chuoni ndo kitu pekee nilichofundishwa! 2019 nikafika milioni 1.2, makato 180,000, deni likaanza kutikisika. Halafu Mei Mosi 2021, Rais Samia yuko Mwanza anatangaza ile asilimia 6 inafutwa, mimi niko kwenye daladala Ubungo nasikiliza redio, nikapiga kofi mpaka konda akauliza bro vipi.

Sasa ushauri. Usiangalie mshahara wa mtu aliyetoboa, mimi nikiwemo. Angalia mshahara wa kwanza. Tafuta watu watatu waliomaliza kozi hiyohiyo miaka miwili mitatu iliyopita, sio mhadhiri, sio matangazo ya chuo, uwaulize wamekaa mtaani muda gani na wameanzia shilingi ngapi. Toa asilimia 15. Kinachobaki kama hakilipi chumba na ugali, basi ujue unaingia na mchongo mwingine pembeni, na uanze kuutafuta mwaka wa kwanza sio siku ya mahafali. Nasema tena, mshahara wa KWANZA. Mzee wako sio mjinga, famasi ina duka la dawa kila mtaa. Na wanaokwambia beba Historia na ualimu upate uhakika, waulize walimu wa arts wangapi wako nyumbani wanasubiri ajira.

Vijana tunapenda sana kusema fuata moyo wako. Moyo haukatwi asilimia 15, unaokatwa ni mshahara! Mkiambiwa mnasema tuna wivu, mnanunua masubufa, mnapiga picha na bumu, halafu baadae lawama kwa serikali. Na bumu usilile lote, hata elfu ishirini ikibaki weka, utanikumbuka siku umemaliza na unahitaji nauli ya kwenda kwenye usaili.

Yote haya nimemwandikia dogo jana kwa kirefu, meseji sita, na hesabu nimempigia. Usiku wa saa nne akajibu: "Asante sana kaka, Mungu akubariki. Nimeshathibitisha Historia."