Nesi akikuuliza kuhusu pombe, mtajie na ulanzi

Mimba ya kwanza nilidanganya kliniki. Niko mbele ya meza, benchi limejaa kina mama, na aliyekaa karibu kabisa ni jirani yangu wa nyumba ya tatu. Nesi, macho kwenye kadi: "Pombe? Sigara?" Wewe ungejibu nini? Nikasema situmii, tukahamia kwenye mzani.

Ila na mimi nilikuwa najidanganya. Kwetu Kilolo, Iringa, mvua zikianza na mianzi ikagemwa, ulanzi ni kinywaji cha nyumbani. Pombe, kwa akili yangu ya wakati ule, ilikuwa ya chupa. Mama mkwe alikuwa akiniletea mtogwa, yaani ulanzi mbichi, kwenye kidumu: "Unywe ungali mtamu, unaongeza damu." Sasa mtogwa ukiulaza unaendelea kuchacha wenyewe. Leo mtamu, kesho kutwa ni mkangafu unaopanda kichwani. Na kileo kinapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, kiwe cha kiwandani au cha mwanzi. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Damu inaongezwa na vile vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki, hata kama vinakuchefua.

Mimba ya pili nilimkuta nesi mwingine. Alifunga mlango kwanza. "Swali hili namuuliza kila mama," akasema, halafu akataja kwa majina: ulanzi, komoni (ile pombe nyingine ya kienyeji), ugoro. Alipofika kwenye ugoro nikacheka, nikamweleza yote.

Kwa hiyo dada, ukiulizwa mbele za watu, sema tu, "Nesi, hilo naomba tuongee pembeni." Uliza pia kama jibu linaandikwa kwenye kadi, maana kadi inalala nyumbani (mume wangu mimi anasoma hadi mfuko wa mbolea). Kiasi kitaje kwa chombo chako: vikombe vingapi, kila siku au siku ya mnada. Na kama unakunywa sana kila siku, usikate ghafla kimyakimya. Mwili unaweza kutetemeka, hata ukapata degedege. Mwambie nesi, mpunguze pamoja.

Mama mkwe nilimwambia kliniki wamenikataza. Alininunia wiki nzima. Halafu kidumu kikaanza kuja na maziwa.