Modeli imebadilika katikati ya msimu: nipeleke makala warshani au nisubiri jarida?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, naishi Majengo, Moshi. Mradi wangu ni mfumo wa vyama vya msingi vya kahawa. Nimechora metamodeli (mchoro unaosema mfumo una vitu gani na vinahusianaje) kwa EMF, zana ya kumodeli iliyo ndani ya Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, na kutokana nayo zana yangu inazalisha majedwali ya hifadhidata, fomu za simu na msimbo wa Java. Chama kimoja kimeanza kuutumia. Mwanzo nilichora kwamba mkulima mmoja ana shamba moja. Katibu wa chama akanirekebisha: mtu ana kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, huku juu mlimani na shamba kule tambarare, na kihamba kimoja kinaweza kuwa na ndugu wawili, kila mmoja akipeleka kahawa kwa jina lake. Nikabadilisha modeli na kuzalisha upya. Msimbo niliouongeza kwa mkono ukafutika, na data za zamani hazikusomeka tena. Msimamizi wangu ananihimiza nipeleke makala kwenye warsha ya kimataifa ya uhandisi wa programu unaoongozwa na modeli, yaani wa kuchora modeli kwanza na kuacha zana izalishe msimbo. Wenzangu wanasema warsha ni kupoteza muda, nisubiri niandikie jarida. Nifuate lipi, na niandike nini?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Msikilize msimamizi wako. Na kuhusu cha kuandika, tayari umeshakitaja bila kujua: ni yale masahihisho ya katibu na balaa lililofuata. Zana yako yenyewe haitoshi kuwa makala.

Tuanze na msimbo uliofutika, maana hilo lina dawa inayojulikana. EMF ikizalisha msimbo wa Java huweka alama ya @generated juu ya kila mbinu (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja). Ukiandika mambo yako ndani ya mbinu hiyo na kuiacha alama ilivyo, umeiambia EMF kwamba sehemu ile ni yake, na safari ijayo itaiandika upya. Ukiigeuza iwe @generated NOT, haiigusi. Ndiyo njia ya haraka, nawe itumie leo usiku uokoe ulichonacho. Kwa mfumo utakaoishi miaka, hata hivyo, mimi naipenda zaidi njia aliyoieleza mwanasayansi wa kompyuta John Vlissides miaka ya 1990: tenga kabisa. Acha zana izalishe klasi ya msingi (klasi ni msimbo unaoeleza aina moja ya kitu), tuseme MalipoMsingi, halafu wewe uandike klasi ya Malipo inayoirithi, katika folda nyingine. Folda ya vilivyozalishwa isiguswe na mkono wa mtu yeyote. Mimi huiondoa hata kwenye Git, hifadhi ya matoleo ya msimbo, ili asiwepo wa kushawishika kuirekebisha "mara moja tu". Mtu akitaka kubadilisha kitu kule, arudi kwenye modeli au kwenye kiolezo cha kuzalishia.

Hilo limekwisha. Makala haimo humo.

Makala imo kwenye data zilizogoma kusomeka. Watafiti wa fani hii huyagawa mabadiliko ya metamodeli katika mafungu matatu, na mradi wako una mfano wa kila fungu. Ukiongeza sifa isiyo ya lazima, kama namba ya simu ya mkulima, data za zamani zinaendelea kusomeka kama kawaida. Ukibadilisha jina la sifa, au ukazitoa ekari kwa mkulima na kuziweka kwenye klasi mpya ya shamba ili awe na "mashamba mengi", data za zamani zinakataa, lakini mashine inaweza kuzihamisha yenyewe: kwa kila mkulima inaunda kitu kimoja cha aina ya shamba, inahamishia ekari zake humo, kazi imeisha. Fungu la tatu ndilo linalotesa. Umeongeza sifa ya lazima inayosema kama kipande cha ardhi ni kihamba au ni shamba la tambarare. Data za zamani hazina jibu hilo, na hakuna kanuni ya kulitoa. Ukisema vyote viwe vihamba, umemwandikia uongo kila mwenye shamba la chini. Na wale ndugu wawili wa kihamba kimoja, walioandikwa mwanzo kama wakulima wawili wenye mashamba mawili, mashine haiwezi kugundua kwamba ardhi ni moja. Anayejua ni katibu, na daftari lake, na wenye kihamba wenyewe.

Zana za kuhamisha data zipo. Edapt, iliyo ndani ya familia ya Eclipse, huyarekodi mabadiliko unapoyafanya kwenye metamodeli na kutokana nayo hutengeneza uhamishaji. Epsilon Flock hukuachia wewe uandike kanuni za vile vilivyobadilika, na visivyobadilika hunakili yenyewe. Jaribu zote mbili kabla hujaandika mstari wa makala, kwa sababu mhakiki wa kwanza atauliza kwa nini hukuzitumia. Utaona zinakufikisha vizuri mwisho wa fungu la pili. Kwenye la tatu zinasimama na kukwambia mwenye modeli atoe jibu. Sasa jiulize, hapo Moshi, mwenye jibu ni nani? Si wewe uliyechora modeli. Ni watu mia kadhaa walio mlimani, na wengi wao utawapata wanapoleta kahawa ya maganda kwenye mizani tu.

Halafu kuna jambo la wakati, na hili kwa maoni yangu ndilo johari ya mradi wako. Mkulima hupima kahawa chamani, anapata malipo ya awali. Kahawa inakwenda kukobolewa, inapangwa madaraja, inauzwa, na malipo ya pili yanakuja baadaye sana. Modeli yako ikibadilika katikati ya malipo hayo mawili, stakabadhi ya kwanza imeandikwa kwa modeli ya zamani na ya pili itaandikwa kwa modeli mpya, na fedha lazima zilingane hadi senti ya mwisho. Huwezi kusimamisha chama ukisubiri kila mtu aulizwe habari ya kihamba chake. Kwa hiyo kwa muda fulani mfumo unapaswa kukubali wakulima waliokwisha kuhamishwa na wasiohamishwa wakae pamoja, ujue nani bado, umkumbushe karani kumuuliza siku atakapofika mizani, na uzuie jambo moja tu: malipo yasiyolingana. Hilo ni swali la utafiti. Linatoka katika kazi halisi, linaeleweka kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mti wa kahawa, na mtu wa Ujerumani anayeshughulika na modeli za magari atalitambua kwake.

Ukiandika hivi, sahau kichwa cha aina ya "Zana ya kuzalisha mifumo ya ushirika". Wahakiki wa fani hii wamezikinai makala za "nimetengeneza zana", kwa sababu ya kuzalisha msimbo kuna Acceleo, ya kuunda lugha za maandishi kuna Xtext, ya kuchora kuna Sirius, na wenyewe wapo ukumbini. Andika kisa kile cha mabadiliko, onyesha metamodeli kabla na baada katika mchoro mmoja mdogo wenye klasi nne au tano, eleza zana zilizopo zinakwamia wapi, pendekeza njia yako, kisha sema wazi hujui nini bado. Sehemu hiyo ya mwisho usiione aibu. Warsha iliwekwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzako. Jarida zuri la uwanja huu, SoSyM, linalochapishwa na Springer tangu 2002, linataka kazi iliyokomaa: tathmini, ulinganisho, matokeo yanayosimama. Wewe una chama kimoja. Ukiipeleka huko sasa, utasubiri miezi uambiwe ushahidi hautoshi. Warsha nayo inahakiki, usidhani ni mteremko, lakini kipimo chake ni kama wazo lina uhai na kama litazua mjadala. Utapata dakika chache za kueleza, kisha watu waliotumia miaka kwenye tatizo hilohilo watakuuliza maswali usoni. Baadaye unaikuza iwe makala ya jarida, mradi uongeze mambo mapya ya kutosha na uitaje ile ya kwanza waziwazi.

Warsha ipi? Mkutano mkubwa wa fani ni MODELS, wa ACM na IEEE, jumuiya za kimataifa za wataalamu wa kompyuta na uhandisi. Ulianza 1998 huko Mulhouse, Ufaransa, kwa jina la UML, lugha ya kuchorea modeli, ukachukua jina la sasa mwaka 2005 ulipofanyika Jamaika. Siku zake za mwanzo hujaa warsha ndogondogo. Iliyo karibu nawe kabisa ni ME, inayohusu modeli na mabadiliko yake. Swali lako la vihamba ni la kwao. Ukiona uzito wa kazi uko kwenye lugha maalumu ya ushirika uliyoiunda, tazama DSM, warsha ya lugha za kumodeli za nyanja maalumu, ambayo kuanzia 2001 ilifanyika kwa miaka mingi pamoja na mikutano ya lugha za programu ya OOPSLA, na baadaye SPLASH; hakikisha kwanza kama bado inaitishwa. Mimi ningechagua ME bila kusita. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno, maana idadi ya kurasa na kanuni ya kuficha majina ya waandishi hubadilika. Kwa kawaida tarehe za warsha huja baada ya zile za mkutano mkuu, hivyo una nafasi ya kumalizia jaribio lako msimu ukiendelea.

Kabla hujaandika, soma makala kadhaa za warsha hiyo. Kwa miaka mingi makala za warsha za MODELS zilichapishwa CEUR-WS, tovuti ya makala za warsha, ambako kusoma ni bure. Za karibuni zinaingia kwenye juzuu ya ziada ya makala za mkutano. Na jihadhari na barua pepe zinazokualika kwa sifa nyingi kwenye "kongamano la kimataifa" la kila fani chini ya jua, uhakiki siku tatu, lipa kwanza. Njia rahisi ya kupima: tafuta mkutano huo kwenye DBLP, orodha ya mtandaoni ya machapisho ya kompyuta, kisha angalia kama wanakamati wake wenyewe wanautaja kwenye kurasa zao. Usipokuta kitu, achana nao.

Fedha ni kikwazo kweli, sitakuficha. Angalau mwandishi mmoja hutakiwa kujisajili, na mara nyingi awepo ana kwa ana. Uliza mapema kama warsha inaruhusu kuwasilisha kwa video. Omba nafasi ya mwanafunzi wa kujitolea, ambaye husaidia shughuli za mkutano na kwa kawaida husamehewa ada. ACM SIGSOFT, tawi la ACM la uhandisi wa programu, ina mpango uitwao CAPS unaowasaidia wanafunzi kuhudhuria mikutano yake. Miadi ya viza itafute siku uliyopokea barua ya kukubaliwa.

Mada yenyewe itoe kwanza hapa nyumbani, mara mbili kwa watu tofauti. Watu wa kompyuta unaweza kuwapata huku Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru; hao watakubana kwenye metamodeli. Kisha nenda Chuo Kikuu cha Ushirika hapo Moshi, ambako watakubana kwenye malipo ya pili, na ninaamini maswali yao yatakuwa magumu zaidi.

La mwisho, na hili nalisisitiza. Warsha nyingi siku hizi zinapenda uweke modeli na data zako hadharani ili wengine warudie jaribio. Weka metamodeli, weka kanuni za uhamishaji, lakini rejista ya chama usiiweke. Majina, ekari na malipo ya wakulima ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Kubadili majina pekee hakutoshi. Katika kijiji kidogo, ndugu wawili wa kihamba kimoja wenye kilo kadhaa za msimu fulani wanajulikana hata bila majina. Tengeneza data za kubuni zenye umbo lilelile, zenye ndugu wawili, kihamba kimoja, malipo ya awali tayari na ya pili bado. Kisha mpelekee katibu azikague. Akisema "hawa siwajui, lakini mambo yao nayajua", ziweke.